Kifaranga Ana Hama

Katika ukoo wetu hakuna msomi kama mimi, na anayebisha alete cheti chake tukiweke kando ya changu. Changu ni cha shule ya msingi. Wino umefifia, na pale penye alama ya uandishi mwalimu alichora mstari tu akaenda zake. Kwa hiyo tuelewane: kusoma nasoma. Kuandika ndiko kunakonikimbia.

Ndiyo maana kwenye grupu la simu la ukoo nilipewa jina la Bubu Mkuu. Nilisoma kila kitu humo, picha za watoto, ugomvi wa mashemeji, na zile salamu za maua ambazo wifi yangu hututumia kila asubuhi tupende tusipende. Sikujibu hata "amina". Watu hudhani anayekaa kimya ana kiburi. Wapi! Mmoja anaogopa kuchekwa, na huyo ndiye mimi. Mwingine huandika jibu, akalifuta, akaliandika upya, mpaka wenzake wameshahamia habari nyingine. Binamu yangu seremala yeye anasema akitaka kugombana na mtu atamfuata kwake, atamkuta amekaa. Wa aina ya mwisho sikumjua mpaka mwaka huu: anayesoma ili ajue mlango gani umeachwa wazi.

Nina mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mwenyewe. Alipokuwa mdogo alinifuata nyuma kila niendako akilialia, nikamwita Kifaranga, jina likaganda. Alipokua akaolewa na fundi simu, kijana mtaratibu, sauti ya chini, mikono laini. Sote tulimpenda. Mimi nilizidi, maana alinionyesha jinsi ya kutumia simu bila kunicheka.

Siku Kifaranga alipomtoroka, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba havikunjiki. Mumewe alikuwa amevifungia kwenye droo ya vifaa vyake, polepole, akiiegemea, kwa sababu alimkuta anamwandikia dada yake ujumbe. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba akikimbia atampata, hata ajifiche ndani ya chupa.

Msimamizi wa grupu ni binti wa marehemu kaka yangu mkubwa. Anafundisha watoto wadogo, na sisi wakubwa anatuona walewale, kwa hiyo tunamwita Mwalimu. Siku hiyohiyo alimwondoa Fundi kwenye grupu, kisha akaandika kwamba Kifaranga yuko salama kwa dada yake, tusihangaike.

Kesho yake Fundi alikuwa amesimama mbele ya geti la dada mtu, mikono mfukoni. Hakubisha hodi.

Wakamhamishia Kifaranga kwa yule binamu yangu seremala. Shemeji mmoja akamuuliza Seremala kwenye grupu kama godoro limefika. Jioni Fundi akaonekana ng'ambo ya karakana, amekaa juu ya magogo, anamenya chungwa. Alipoona wamemwona aliinua mkono akawasalimia vizuri tu.

Ndipo Kifaranga akaletwa kwangu, kwa uchochoro wa nyuma, mchana kweupe, kichwani kabeba furushi la nguo kama dobi. Mwalimu akapiga marufuku mtu yeyote kumtaja kwenye grupu. Lakini nani alikuwa anapeleka maneno? Ndugu wakaanza kuangaliana kwa pembe za macho. Na kaka yangu mdogo, mstaafu wa posta, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akazidi kuharibu. Alisema kijana mwenye adabu namna ile hawezi kuwa mnyama, vidole huumia hata kwa mlango, na kwamba mwisho wa wiki yeye mwenyewe atamchukua binti amrudishe kwa mumewe. Kaka akisema jambo, ukoo wetu hubeba mizigo. Kifaranga aliposikia hivyo hakulia. Aliuficha mkono wake ndani ya khanga.

Mwalimu, kwa kutapatapa, akatuvamia sisi mabubu. Aliandika kwamba kila asiyesema kitu kwenye grupu aseme neno kabla jua halijazama, la sivyo atatolewa, maana anayesoma bila kusema hatujui ni nani.

Nitolewe mimi? Nani basi angenihabarisha wifi kagombana na nani? Nikavaa miwani, nikakaa kwenye kigoda. Siku hiyo Kifaranga alikuwa anawaka moto kwa homa ya vile vidole, na ndugu walijua, dada yake ndiye aliyeleta dawa asubuhi. Mimi nafuga kuku, kila mtu anajua. Nikabuni fumbo, nikalicheka peke yangu kwa jinsi lilivyo kali. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, jasho linanitoka kama nalima, nikatuma:

"Bubu nipo. Kifaranga ana hama."

Niliposoma tena nikaona nilichofanya. Nilitaka "homa". Fumbo lenyewe pia lilikuwa na tundu, maana mtu aliyekuwa akilitamka jina hilo kila siku ya Mungu ni mumewe. Lakini si tulikuwa tumeshamtoa?

Kwa kuwa ilikuwa marufuku kumtaja humo, hakuna aliyenijibu kwa maandishi. Walinipigia. Dada yake Kifaranga alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kifaranga changu kinahamia banda gani. Seremala akasema kama kinahama atakichongea kitanda. Nikawajibu wote kwamba "o" na "a" zote ni duara, mwenye macho ya ujana ndiye atofautishe.

Mwalimu alipiga wa mwisho, amekasirika, kicheko kinamtoka puani.

"Futa, shangazi. Bonyeza juu yake ushikilie."

Nikabonyeza. Nikamuuliza, kwa sababu sijawahi kutuma kitu humo wala kuviona, vile vialama viwili vidogo pembeni ni vya nini, mbona vimegeuka bluu.

"Bluu?" akauliza. "Si kijivu? Angalia vizuri."

"Macho yangu mabovu, lakini bluu naijua. Nina gauni lake."

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wake darasani. Kwenye grupu havigeuki bluu mpaka kila aliyemo awe amefungua ujumbe. Kila aliyemo. Na namba ya baba yake bado imo, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Tangu tulipomzika, vialama vya jumbe za Mwalimu vilibaki kijivu siku zote. Mwanzoni alikuwa akivitazama na kulia, baadaye akaacha kuvitazama kabisa. Akaniambia nisubiri. Nikasikia anapekua jumbe zake za nyuma, pumzi yake inakuwa fupi.

"Shangazi," akasema, "baba anasoma. Tangu wiki ile Kifaranga alipotoroka, baba anasoma kila kitu."

Kaka yangu huyo nimemtupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisimama na simu sikioni, kuku wananizunguka miguuni. Halafu nikakumbuka. Baada ya msiba tulimpa Fundi simu ya marehemu atuokolee picha. Akarudi mikono mitupu, kichwa chini, akasema maji yameingia mpaka moyoni, imekufa pamoja na mwenye nayo, ameitupa asituongezee uchungu. Tukamshukuru sana.

Mwalimu alitaka kuiondoa namba palepale. Nikamwambia aiache, na ule ujumbe wangu pia tuuache ulivyo. Tukiitoa atajua tumejua, na kaka yangu mstaafu tutamwonyesha ushahidi gani? Na kweli, Mwalimu alipomweleza, kaka alisema simu hizi zina wazimu wake na bluu si ushahidi. Ila alikubali aje kukaa kwangu asubuhi, asikie kwa masikio yake kama Fundi atatokea.

Kabla ya hapo, mchana uleule, Seremala alikuja na gari la mizigo na kabati jipya la mteja. Alipoondoka Kifaranga alikuwa ndani ya kabati, na chupa ya maji na dawa zake. Nilikataa kuambiwa anapopelekwa. Hakuna aliyeandika popote.

Asubuhi Fundi akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umepotea njia?"

Akacheka kidogo, akasema alikuwa anapita tu, ameniletea chaja. Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake na kusukuma komeo taratibu, kama yuko kwake. Alipogeuka akamkuta kaka kwenye kiti na gazeti lake. Akashtuka, kisha akainama, akasalimia kwa mikono miwili.

Kaka hakuzunguka. Alimuuliza kama ana habari zozote za mkewe. Fundi akasema hana. Tangu tulipomtoa kwenye grupu yuko gizani, hapati simu ya ndugu, hajui hata kama mwenzake yu hai. Machozi yakamlenga. Kaka akanitupia jicho, lile la "unaona sasa?" Nami nikasema sina habari za mtu, nina za kuku tu.

Fundi alikuwa akitazama pazia la chumba cha nyuma. Upepo ukalitikisa. Hakupepesa macho.

"Nawaomba jambo moja, wazazi wangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Kabla hajahama, niacheni nimuone. Hata kwa dakika."

Gazeti la kaka likashuka magotini.

"Kabla hajahama?"

"Nimesikia tu, baba. Seremala ndiye aliyeniambia."

"Seremala anajua binti ana homa," nikasema. "Dada mtu anajua ana homa, dawa kaleta yeye. Ukoo mzima ulinipigia kunicheka, mwanangu, kwa sababu nilikosea herufi moja. Aliyebaki na 'hama' ni yule aliyesoma na hakuwa na wa kumuuliza."

Hakubadilika uso. Alinitabasamia, kwa upole uleule wa siku aliyonifundisha kutumia simu.

"Mimi nitasomea wapi, mama? Mlinitoa. Sina grupu."

Ilikuwa saa ya wifi na maua yake. Simu yangu ikatetemeka mezani. Ya kaka ikatetemeka kwenye mkono wa kiti. Na ya tatu ikatetemeka kifuani kwa Fundi, ndani ya mfuko wa shati, palepale, kwa pamoja.

Kaka aliutazama ule mfuko. Kisha akalitazama komeo la mlango.