Mtaa Anakokaa Hashir

Mimi sina subira na Kifaransa kibovu. Nilikulia Bujumbura kabla ya kurudi kwetu Kigoma, na sasa kazi yangu ni kusoma anwani za vifurushi vya Ufaransa katika ofisi moja ya mizigo hapa Freezone, Uarabuni. Kwa hiyo Joweria, Mmombasa ninayekaa naye chumba kimoja Al Qusais, aliponiomba nimfundishe kutamka mtaa anakokaa kaka yake huko Marseille, alijua anajitafutia makelele.

"Si umwoneshe dereva karatasi tu?" nilimuuliza.

"Shoga, nimfikie ndugu yangu kwa kunyoosha kidole kama bubu?"

Hashir alikuwa mgonjwa wa figo, na viza ya Joweria ilikawia miezi miwili. Kila jioni baada ya kazi tulikaa kitandani na hiyo Rue de l'Espérance. Alisema "lesiperansi", akiibandikia irabu kila pembe, nami nikimfokea mpaka majirani wakagonga ukuta. Maana za majina ya mitaa ndizo alizozipenda. Rue du Four, mtaa wa tanuri. Rue des Bouchers, mtaa wa wenye mabucha.

"Wenzetu wana mambo," alicheka. "Sisi Kibokoni ni uliza nyumba ya Bi Asila, basi."

Wa Hashir ulikuwa mtaa wa tumaini. Nilipomwambia, alilia.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, ami yake alinipigia simu kazini. Hashir alikuwa amefariki alfajiri.

"Usimwambie, mwanangu. Msiba haupokewi ugenini peke yako. Mwache afike kwanza, ashikwe na watu."

Hata kwetu Kigoma tunaficha hivyo hivyo, na tunaita huruma. Siku hiyo niliichukia huruma hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini nilimjibu, "Sawa, mzee."

Jioni nilimkuta Joweria ameshafunga sanduku, anakunja kanzu mpya ya kaka yake aliyokusudia kuibeba mkononi isije ikajikunja.

"Yalla, tuanze, mwalimu. Mara ya mwisho."

Akatamka. Alikosea kila mahali, vibaya kuliko hata siku ya kwanza.

"Vizuri," nikasema. "Vizuri sana."

Mikono yake ikasimama juu ya kanzu. Akanitazama, kisha akakaa sakafuni taratibu.

"Doris, leo hunifokei," akasema. "Wanamzika lini?"