Miche Minne ya Da Lat

Mwalimu Khoat alisafiri kutoka Da Lat, mji wa milimani huko Vietnam, hadi nyumbani kwake Ben Tre akiwa na miche minne mapajani, mwendo wa kutwa nzima, na kila basi la wastaafu lilipokata kona aliikumbatia kama mtu aliyepakata sufuria ya mchuzi. Wenzake walikuwa wamenunua sweta na jemu.

"Mwalimu kapata mchumba," mmoja alisema kutoka viti vya nyuma.

"Wanne kwa mpigo," mwingine akadakia. "Na pensheni ileile."

Khoat alicheka nao, kidogo, kisha akageukia dirishani.

Hakuwa amepanga kununua kitu. Lakini asubuhi ile yenye ukungu, katika bustani ya jiji, alikuta mteremko mzima umefunikwa na maua ya buluu, vichwa vya mviringo vikubwa kama mabakuli ya wali, na katikati yake mtunza bustani amechuchumaa anapunguza majani makavu, hana haraka na mtu. Khoat alisimama pale mpaka kiongozi wa msafara akaja kumtafuta, akaondoka na miche minne ya maua yaleyale. Alikuwa amesahau kwamba mahali panaweza kuwa hai kiasi kile. Ua wa nyuma ya nyumba yake ulikuwa na vyungu kumi na viwili vya udongo mtupu.

Na baada ya wiki tatu binti yake, Diep, angekuja kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mama yake afariki. Alikwisha kusema kwenye simu, kwa upole: "Baba, nikikuta ule ua uko vilevile, nakuchukua tukaishi Saigon. Mtu asiyeweza kuweka hai hata mmea mmoja, nitamwachaje peke yake?"

Khoat hakutaka kwenda. Katika nyumba ya Diep hakukuwa na kiti hata kimoja ambacho Nhan, mkewe, aliwahi kukikalia.

Bi Lua, jirani yake, alikuwa wa kwanza kuja kuitazama miche.

"Hii ni mimea ya baridi, Mwalimu. Umewatoa watu milimani uje kuwaoka huku."

"Nitaiweka kivulini, dada."

"Kivuli chetu chenyewe kinatoa jasho." Akainama, akagusa jani. "Na vitambaa? Nyumba bado ina msiba. Usirudie ya mwaka jana."

Ya mwaka jana mtaa mzima uliyajua. Mwenye bustani akifa, kila mmea hufungwa utepe mweupe na kuambiwa kwamba mwenyewe ameondoka; usipoambiwa, humfuata. Siku ya mazishi ya Nhan, Bi Lua alileta tepe zimekwisha kukatwa, na Khoat, aliyefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, akakataa kuzifunga. Mwezi haukuisha, milimau, mawaridi na yasmini vyote vilikuwa vijiti. Watu wakasema ni ukaidi wake.

Aliwaacha waseme. Kilichotokea alikijua peke yake. Baada ya mazishi, katikati ya kiangazi, alilala wiki tatu uso ukutani. Bi Lua alipoleta uji, aliupokea mlangoni akasema anasoma. Diep alipopiga simu, alisema amekula. Hakuna aliyetia tone la maji kwenye vyungu vile. Kitandani alikuwa akisikia majani yakidondoka juu ya saruji, na hata hivyo hakuinuka. Kuitwa mkaidi kulikuwa nafuu.

"Miche hii haikumjua Nhan," alimwambia Bi Lua. "Haina wa kumlilia."

Bi Lua alimtazama. "Ndiyo maana umeinunua?"

Khoat aliinua mche mmoja, akausogeza kivulini. Lakini kesho yake, kabla watu hawajaamka, alirarua shuka kuukuu akaifunga miche utepe mmoja mmoja. "Mwenye bustani hii aliitwa Nhan," aliiambia, kisha akaona haya, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Wiki ya pili miwili ilikufa. Miwili iliyobaki aliibeba kutwa akiikimbiza isipigwe na jua.

Diep alifika siku moja kabla ya kumbukumbu. Aliweka matunda mbele ya picha ya mama yake, akawasha vijiti vya udi, ndipo akatoka uani. Alizishika zile tepe, akacheka huku macho yamemlowa.

"Baba, wewe? Kumbe Bi Lua kakushinda. Ungezifunga mwaka jana, bustani ya mama tungekuwa nayo."

Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu.

"Haikufa kwa kukosa tepe," Khoat alisema.

Akamweleza yote, akiwa ametazama vyungu. Wiki tatu, uji, yale majani juu ya saruji. Diep alikaa chini palepale.

"Na mimi ulikuwa unaniambia umekula."

"Ndiyo."

"Sasa hapo si ndiyo zaidi nikuchukue? Ungenyamaza, ungebaki."

"Nimechoka kulijua peke yangu."

Diep alichomeka kidole kwenye udongo wa mche, akakitazama. Kilikuwa na unyevu.

"Unamwagilia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi jioni. Saa sita mchana naihamishia kando ya mitungi ya maji, pana ubaridi kidogo."

"Na siku ukishindwa kuamka?"

"Nitamwita Bi Lua."

"Utamwita, au utamwambia unasoma?"

"Nitamwita, mwanangu."

Wageni wa kumbukumbu walikuja, wakala, wakaondoka. Jumapili Diep alifunga begi moja tu, la kwake. Kuhusu Saigon hakusema tena neno. "Nitapiga simu saa sita," alisema barabarani. "Nataka nikusikie ukiibeba."

Basi likaondoka. Khoat alirudi, akaosha mabakuli ya wageni, yakawa mengi sana kwenye rafu ya mtu mmoja. Nyumba ilikuwa kimya, kama alivyoomba. Ilikuwa bado saa tano kasoro. Akatoa kiti uani, akakaa kuingoja saa sita.