Aliyempita Nuru Ndani ya Beseni

Jana niliingia kitandani na kinyongo, na usingizini nikajiona nipo uani kwa Bi Mwanakheri, mama ninayemfulia. Kanzu ya harusi ya mwanawe imo kwenye beseni. Maji yanang'aa buluu.

"Tunu, umezidisha buluu ya kufulia tena."

"Sijatia kabisa, Bi Mwanakheri."

"Haya. Basi maji yamejipamba yenyewe kwenda harusini."

Kanzu inavaliwa saa nne. Ikitoka na doa, nisikanyage tena kwake.

Nachungulia. Ndani mna chembe, mdogo kuliko vumbi, anahema. Nyuma yake Nuru, mwanga wenyewe, anajikokota, nguo zimemlowa.

"Huyu kanipita," Nuru anashtaki. "Sheria inasema mimi sipitwi."

Simwamini. Chembe naye simwamini, ananyamaza mno.

Mara uani pamekuwa barabara ya lami, na mche wa sabuni umevaa kofia ya trafiki.

"Sheria hiyo ni ya mahali patupu," unasema. "Ndani ya maji ni habari nyingine. Rudieni mbio, tuone."

Hewa inaondolewa, inakunjwa kama shuka. Wanatimka. Nuru yuko mbele, chembe anamfuata unyounyo, hampati. Kisha barabara inazama majini. Nuru anapunguza mwendo. Chembe hajali, anampita, na kila anapokatiza maji yanawaka buluu.

"Hao wote umewapanga wewe," Bi Mwanakheri ananiambia.

"Ingia ujionee."

Anapandisha gauni, halafu analisahau, anaingia mpaka magotini. Anainama. Chembe anachoka, mwendo unamwishia, na buluu inazimika. Bi Mwanakheri anachota maji kwa kiganja. Meupe.

"Mh," anasema.

Hapo nikaamka. Kumekucha, na mlango unagongwa.

Ni Bi Mwanakheri mwenyewe. Tangu jana mchana aliponifukuza na beseni langu, sikutegemea kumwona.

"Kanzu iko sawa," akasema, hanitazami usoni. "Njoo ufue na vitambaa vya meza."

"Si ulisema nimezidisha buluu?"

"Nilisema. Sasa sisemi."

"Nani kakwambia?"

"Tunu, unakuja au huji?"

Nikamtazama vizuri. Mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa, na njia yote ya kuja kwangu ni vumbi. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini, linachuruzika kizingitini kwangu.

"Nakuja," nikasema.