Pitieni Tu kwa Mama

Fundi cherehani alikuwa anamwogesha mama yake uani, nyuma ya shuka lililotundikwa kama pazia, aliposikia vicheko. Hajageuka vizuri, shuka likafunuliwa. Wageni wakajaa uani na kofia zao pana. Mmoja akatabasamu, akanyanyua kamera, akapiga picha.

Kiharusi kilikuwa kimemwachia mama mkono mmoja wenye nguvu. Akauinua huohuo kujisitiri kifua, usitoshe. Akaanza kulia kimyakimya, povu likimchuruzika mgongoni.

Fundi hakuwa na haja ya kuuliza nani kawaelekeza. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama, mji mzima ulimwita Kasuku. Aliongoza watalii, na kila kukicha aliwapa nasaha barazani pa hoteli: vaeni viatu vigumu, bebeni maji, na maporomoko ya maji yanapendeza zaidi ukiyatazama kutoka nyuma ya nyumba ya mama yangu. Pitieni tu, sisi watu wakarimu!

Fundi alishamkanya mpaka ulimi ukaota sugu. Jibu lilikuwa lilelile: "Dada, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Leo akamvisha mama, akamlaza, akatoka mbio, pini bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Akamkuta Kasuku barazani, kazungukwa na kundi jingine.

"Watafsirie," akamwambia. "Waambie mama yetu si mandhari. Waambie atakayekanyaga tena uani kwetu nitammwagia maji ya moto!"

Kasuku akageukia wageni, akasema maneno laini. Wageni wakapiga makofi.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba unawakaribisha. Dada, usiniharibie kazi."

Fundi akawapungia wageni mkono, njooni, na mkono hauhitaji mkalimani. Wakamfuata kwa furaha, wakavuka barabara hadi nyumbani kwa Kasuku. Akasukuma mlango bila hodi, moja kwa moja hadi chumbani. Mke wa Kasuku alikuwa amelala, mdomo wazi, na juu ya kitanda chupi za mumewe zimeanikwa kwenye kamba.

Kamera zikanyanyuka.

"Tokeni!" Kasuku alijipenyeza, akatanua mikono mlangoni. "Huku ni chumbani kwangu! Hamna haya?"

"Hiyo ndiyo tafsiri," fundi akasema. "Sasa iseme kwa lugha yao."

Mke alikurupuka, akajifunga shuka, akataka kujua kulikoni. Aliposikia habari ya mama mkwe, akaokota kiatu akamtwanga nacho mumewe begani. "Mama yako mzazi, Kasuku? Aliyekubeba?"

Wageni walitoka mmojammoja, macho chini.

Jioni Kasuku alikuja na mbao na nyundo, akaziba kichochoro cha kuingilia uani. Mama akaita kutoka ndani, kwa ulimi wake mzito, mwanangu apewe chai. Fundi hakuinuka kwenye cherehani.

"Dada, nimemtafuta yule wa picha ili aifute," Kasuku akasema dirishani. "Ameshaondoka."

"Basi mama yetu amesafiri," dada yake akajibu bila kumtazama. "Amekwenda ng'ambo, uchi. Na aliyempeleka ni wewe."

Akakanyaga cherehani kwa nguvu, asisikie atakachojibu.