Pale Wimbo Unapoenda Mbio

"Enda umwambie Bwana Diio ulidanganya!"

"Sikudanganya."

"Hiyo ndiyo shida yako, Salesio. Ungedanganya, Gacheri angekuwa nyumbani."

Kithinji alikuwa amenifuata mpaka ndani ya kanisa la misheni, miguu imejaa matope. Tulitahiriwa mwaka mmoja mimi na yeye. Gacheri ni dada yake. Hiyo ilikuwa siku ya nne wamemfungia kambi ya homugadi, wale walinzi weusi wa serikali, na sababu ni mimi.

Shule niliacha darasa la tatu, nikawa mtu wa kupangusa vumbi kwa kinanda cha misheni. Misi Dora, mwalimu mzungu wa misheni, akanikuta nakipiga, hakunifukuza. Akanifundisha noti miaka minne. Halafu akasema sasa nitunge changu, akaniwekea sheria moja: ukiokota wimbo kwa mtu, andika jina lake juu ya karatasi. Kuficha ni wizi.

Mimi niliokota mtaroni, pale serikali inalazimisha akina mama wachimbe ukingoni mwa msitu ili wapiganaji wa msituni wasiletewe chakula. Wanaimba wakichimba. Polepole, polepole, halafu ghafla mbio, na maneno ni yale yale. Nilipapenda hapo pa mbio kupita kitu chochote. Nikatunga kila kitu kuzunguka hapo. Juu nikaandika: Kutoka kwa Gacheri wa Muthara, akichimba.

Jumapili nikaupiga mbele ya wazungu. Wakapiga makofi. Bwana Diio, mzungu mkubwa wa serikali pale kwetu, akachukua karatasi, akasoma, akaniuliza kwa upole kabisa, mbona hapa unakimbia?

Nikajibu kifua mbele: "Ndivyo akina mama wanavyoimba askari wakitokea."

Misi Dora alifunga macho. Kila mtu hapo alielewa: wale wa msituni wakisikia mbio, wanajificha. Kwani mimi sikujua? Nilijua. Nilitaka tu yule mzungu aone nasikia vitu yeye hasikii.

Kesho yake Gacheri akachukuliwa. Mimi nikapewa pasi ya kwenda Nairobi Jumamosi, nipige mbele ya watu wanaotafuta kijana wa kupeleka Ulaya akasome muziki.

"Sema hapo pa mbio ulitunga wewe," Kithinji akasema. "Sema jina uliliandika kwa sababu unamtaka. Wacha wakucheke."

"Wataninyang'anya pasi."

"Eeh, watakunyang'anya. Yeye wanampiga huko ndani."

"Nikirudi, Kithinji. Jumatatu nitaenda kwa Bwana Diio, haki ya Mungu."

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Badala yake akakaa benchi ya mbele, akaweka kofia kwa goti.

"Hebu nipigie. Mimi sijausikia huo wimbo wako."

Nikapiga. Ile sehemu ya polepole, majembe yanaingia udongoni. Yeye akawa anatikisa kichwa kidogo kidogo, vile Gacheri hufanya. Nilipofika pale pa mbio, vidole vikagoma.

"Endelea."

"Siwezi."

"Jumamosi utaweza," akasema. Akavaa kofia hapo hapo ndani ya kanisa, akageuka, akaenda.