Gauni la Jumamosi

Kaka mtu alikuwa na mdomo, jamani! Akishona anasema, akila anasema. Mteja akija juu kwamba kiuno kinambana, ataondoka anakicheka kiuno chake mwenyewe. Ndiyo maana wakambandika jina la Chiriku. Lakini tangu kiharusi kimwangushe pale pale kwenye cherehani, na miaka yake thelathini tu, Chiriku hawezi kutamka neno. Hushinda dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani, na mdogo wake wa kike anashona peke yake. Redio inaimba kutwa, haisaidii kitu. Dada mtu anaitamani ile sauti iliyokuwa ikimkera.

Kosa lililomponza lilikuwa la kifundi cherehani. Ugonjwa wa moyo waliurithi kwa marehemu baba yao. Moyo wa Chiriku ulikuwa ukidunda ovyo, damu ikituama ndani na kuganda. Daktari akampa vidonge vya kuzuia hilo. Sasa ukivimeza hivyo, sindano ikikuchoma, damu haikatiki upesi, na msimu ule kazi ilikuwa magauni meupe ya harusi. Akaviweka kando, wiki mbili tu, alisema. Bonge la damu likapanda kichwani kabla hazijaisha.

Dada naye amepimwa. Moyo ni ule ule, vidonge ni vile vile, na mezani kuna gauni jeupe la kuchukuliwa Jumamosi.

Chiriku akanyoosha kidevu kwenye mkoba wa dada, wenye vidonge.

"Nimemeza, kaka," akasema bila kuinua macho.

Chiriku akajikokota mpaka mezani, akaufungua mkoba kwa mkono wa kushoto. Pakiti ilikuwa nzima, haikutobolewa hata kidonge kimoja. Hakufoka, angefoka na nini? Akalibeba gauni, akarudi kukaa nalo, amelikumbatia.

"Kaka, lete bwana! Bibi harusi atanila nyama."

Chiriku akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Basi dada akatoa kidonge, akakimeza, akapanua mdomo kumwonyesha. Akapiga magoti mbele yake.

"Haya, nimemeza kweli. Sasa nitukane. Niite mwongo, niite mjinga, niite lolote unalotaka."

Midomo ya Chiriku ikahangaika, ikahangaika, mate yakamtoka pembeni. Dada akamfuta kwa kiganja, akaendelea kusubiri.