Wati Nane

Mafundi umeme wana ugonjwa mmoja: wakishasoma wati, wamemaliza kusoma. Fundi wetu huyu alikuwa nao, na juu ya hayo alikuwa na baba mkwe aliyemsifu kupita kiasi. Mzee alikuwa mjane, na sebuleni kwake ukuta mzima ulikuwa tangi la samaki. Tangu mkewe afariki, hao ndio waliobaki kumchangamkia asubuhi. Shida ilikuwa umeme. Ukikatika, chujio la maji lilihamia kwenye betri, nalo lilikuwa dude lenye ulafi. Betri iliisha kabla umeme haujarudi, na samaki wakaanza kukosa hewa.

"Niachie mimi, baba," fundi akasema. "Nitakutafutia filta isiyokula umeme."

Dukani, muuzaji alimuuliza tangi lina ukubwa gani.

"Kubwa," akajibu kwa mkato, macho yakiwa kwenye maboksi. Hili wati thelathini na tano. Hili kumi na nane. Hili nane! Muuzaji akaanza kueleza habari za lita kwa saa, fundi akamkatiza. "Dada, mimi ni fundi. Umeme haunibabaishi."

Kweli, umeme haukumbabaisha. Kilichoulizwa kilikuwa maji.

Akalifunga lile la wati nane siku hiyohiyo. Lilikuwa kimya kabisa. Mzee akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwita jirani aje asikie jinsi kitu kisivyosikika. "Fundi wangu huyu!" Fundi akarudi kwake kichwa kimevimba, akamsimulia mkewe mpaka chakula kikapoa.

Siku zilipopita alikwenda kumjulia hali mzee bila kutoa taarifa. Mlango ulikuwa wazi. Mzee amekaa juu ya stuli mbele ya tangi, mkono wa shati umelowa mpaka begani. Anachota maji kwa jagi, anayamimina tena kutoka juu ili yapate hewa, anachota tena. Samaki walikuwa wamejazana juu, midomo nje, na maji yamevurugika kama yaliyooshewa mchele.

"Shikamoo, baba."

Mzee akashtuka, akaficha jagi nyuma ya stuli kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. "Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Nilikuwa nacheza nao tu hawa."

"Filta vipi?"

"Ah, hiyo usiseme! Juzi umeme umekatika kutwa nzima, haikuzima hata kidogo. Nzuri mno."

Maji yalikuwa yakimdondoka kiwikoni. Na yule samaki mkubwa wa rangi ya chungwa, kipenzi cha marehemu mama mkwe, hakuwamo tangini. Fundi akamtafuta kwa macho kona hadi kona. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Simu mzee alikuwa nayo, angeweza kupiga alalamike. Lakini utamwambiaje mkweo, uliyemtangaza mtaa mzima, kwamba amevurunda? Kwa hiyo mzee wa watu alikuwa anachota maji.

Fundi akapima tangi kwa futi, urefu, upana na kina, akarudi dukani mbio. Safari hii aligeuza maboksi, akasoma upande alioupuuza. Lile la wati nane lilikuwa la tangi dogo la mezani. Lile la kumi na nane lilisukuma maji karibu sawa na dude la zamani, kwa nusu ya umeme wake. Siku ile alikuwa amelisukuma pembeni kwa kiwiko. Muuzaji alimfungia bila kusema neno, na ingekuwa afadhali angemsema.

Alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa mzee akilifunga, yule jirani akaingia.

"Ha! Nyingine tena? Si mlisema ile ndiyo kiboko?"

Fundi akainua kichwa. Alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Mzee akamwahi.

"Kosa langu. Fundi alinishauri hii tangu mwanzo, mimi nikawa mbishi, nikang'ang'ania ile ndogo. Uzee huu, bwana!"

Jirani akacheka. "Basi ubishi wako ndio uliomuua samaki wa marehemu!"

Mzee naye akacheka, akitikisa kichwa kukubali, huku akijifuta macho kwa ule mkono wa shati uliolowa. Fundi alifungua mdomo. Ikatoka "eeh" tu, kisha akainamia skrubu iliyokuwa imeshakazwa, akaendelea kuikaza.